Je, wajua? Finally, mlipa madeni wa programu

Programu ya kompyuta huishi kwa kuazima. Ikitaka kusoma faili, huomba mfumo endeshi uifungulie. Ikitaka taarifa za mteja, huazima muunganisho wa hifadhidata. Na dawa ya deni ni kulipa.

Chukua mistari mitatu ya msimbo. Wa kwanza unaazima muunganisho, wa pili unasoma salio la mteja, wa tatu unarudisha muunganisho. Hitilafu ikizuka kwenye mstari wa pili, programu huruka papo hapo kwenda kumtafuta wa kuishughulikia, na ule wa tatu haufikiwi. Seva yenye miunganisho 10 humalizwa na hitilafu 10 tu za namna hiyo. Mteja wa 11 atabaki akitazama kiduara kikizunguka kwenye simu, ilhali hifadhidata yenyewe ni nzima.

Lugha ya Java, iliyotangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, ina maneno matatu ya kukabili balaa hilo. Try hujaribu kazi, catch hudaka hitilafu, na finally hufunga hesabu. Yaliyomo ndani ya finally hutekelezwa kazi ikifaulu au ikishindwa, hata pale amri ya return, ya kuondoka na jibu, inapokuwa imeshatolewa. Kinachoweza kuyazuia ni mambo kama umeme kukatika au programu kuuawa kwa nguvu.

Ila finally ina kituko chake. Ukiweka return ndani ya finally, hitilafu iliyokuwa njiani humezwa kimya kimya, na aliyeituma kazi hudhani mambo ni shwari.

C++, lugha ya Bjarne Stroustrup, haina finally. Huko kila kitu huweza kubeba maagizo yake ya usafi, na huyatimiza kinapofika mwisho wa eneo lake. Mwaka 2011, toleo la 7 la Java lilileta njia inayokaribiana na hiyo: vilivyofunguliwa katika mabano ya try hufungwa vyenyewe, kilichofunguliwa mwisho kikitangulia, kama mtu anavyovua koti kabla ya shati.

Kwa hiyo, wewe unayejifunza kuandika programu, ukishaandika mstari wa kufungua, andika na wa kufunga. Kazi ya katikati itafuata.