Gitaa Lililogeuzwa Santuri: Ala na Umaarufu wa Rage Against the Machine

Aghalabu wahakiki wa muziki wa rapu huyachambua maneno na kuisahau ala. Upungufu huo hudhihirika wanapoijadili Rage Against the Machine, bendi iliyoundwa Los Angeles, Marekani, mnamo mwaka wa 1991. Zack de la Rocha alighani, Tim Commerford akapiga gitaa la besi, Brad Wilk ngoma, naye Tom Morello, ambaye babake Ngethe Njoroge alikuwa mwanadiplomasia wa Kenya, akalishika gitaa.

Rapu ilizoea kutegemea mkwaruzo wa santuri, ilhali bendi hii haikuwa na mchezesha santuri. Morello akaliteua gitaa litekeleze jukumu hilo. Kati ya vinasa-sauti viwili vya gitaa lake, kimoja hukizima kabisa na kingine hukipandisha hadi mwisho. Swichi inayovibadilisha inapochezeshwa, sauti hukatika na kurudi; mkono wa pili ukizisugua nyuzi, msikilizaji husadiki kwamba santuri inakwaruzwa. Wimbo "Bulls on Parade" ni ithibati tosha. Fauka ya hayo, pedali ya DigiTech Whammy hupaza noti hata kwa oktava mbili.

Ajabu ni kwamba vifaa vyenyewe ni vichache: amplifaya ya Marshall ya wati 50, kabati la spika la Peavey na pedali kadhaa. Baada ya kuchoka kuisaka sauti kamilifu, Morello alitia alama mahali vitufe vilipokuwa, akaacha kuvigusa. Gitaa aliloagiza liundwe nalo halikumridhisha. Alibadilisha vipande vyake hata kikasalia kiwiliwili tu. Mbinu, basi, ilizaliwa na uhaba alioukubali kwa hiari. Albamu ya kwanza, ya mwaka wa 1992, ilitangaza bayana kwamba haikutumia sauti zilizonakiliwa wala kinanda.

Umaarufu haukukawia. *Evil Empire* (1996) na *The Battle of Los Angeles* (1999) zote zilishika nafasi ya kwanza Marekani, kabla ya de la Rocha kujitoa mwaka wa 2000. Lakini bendi iliyoukemea ubepari ilirekodi chini ya Epic, tawi la Sony, na lawama hiyo haikuwahi kuwabanduka. Mwaka wa 2009, wasikilizaji wa Uingereza waliununua kwa wingi wimbo "Killing in the Name" ili kumzuia mshindi wa shindano la televisheni asitawale chati ya Krismasi. Walifaulu. Nyimbo zote mbili zilikuwa za Sony.