Kuba Isiyo na Upenu

Kuba ya kijiodesia ni jengo la duara linaloundwa kwa fito au mabomba mafupi yanayoungwa pembetatu kwa pembetatu hadi yakafanana na nusu ya mpira, na jina lake limetokana na mstari wa kijiodesia, yaani njia iliyo fupi kuliko zote kati ya nukta mbili juu ya uso wa tufe. Mhandisi Mjerumani Walther Bauersfeld alijenga kuba ya namna hiyo mjini Jena katika miaka ya 1920 ili kuonyeshea picha za nyota, lakini ni Mmarekani Buckminster Fuller aliyesajili hataza yake mwaka 1954, na sifa zote zikamwendea yeye. Siku hizi umbo hilo limehamia katika utalii wa kambi za kifahari, ambamo mgeni hulala porini ndani ya hema lenye kitanda cha hoteli, bafu na maji ya moto, na wenye biashara hulitangaza kuwa rafiki wa mazingira.

Dai hilo lina msingi katika hesabu. Fremu ya mraba ikisukumwa hulala upande, ilhali pembetatu haiwezi kubadili umbo mpaka ubavu wake mmoja uvunjike au upinde, na kwa hiyo fito nyembamba zilizofungwa kwa pembetatu hubeba mzigo ambao zisingeubeba kwa mpangilio mwingine. Kuba sahili yenye kipenyo cha mita 6 huhitaji fito 65 za urefu wa aina mbili tu, 30 za mita 1.64 na 35 za mita 1.85, zinazokutana kwenye vifundo 26 na kufanya pembetatu 40. Ikihesabiwa kama nusu tufe kamili, sakafu yake ni mita za mraba 28, na ngozi inayoifunika ni mita za mraba zipatazo 57, wakati chumba cha mraba chenye sakafu na ujazo kama huo, kikiwa na paa bapa, kingehitaji kuta na paa za mita za mraba 71. Pwani imeijua kuba kwa karne nyingi, kama Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani unavyoshuhudia, lakini kuba ya matumbawe na chokaa husimama kwa uzito wake, na hii ya fito husimama kwa mafungo yake; ndiyo maana inaweza kufunguliwa na kufungwa mafurushi yanayoenea kwenye gari moja.

Nchini Tanzania mfano mmoja unaojulikana uko Ngorongoro, kwenye miteremko ya mlima Olmoti, ambako kampuni ya Asilia iliweka kambi ya mahema yenye umbo la kuba, kila moja likiwa na dirisha pana linaloangaza na jiko la kuni la kuotea moto. Huko baridi ya milimani hufanya umbo hilo lifae, kwa kuwa ngozi ndogo hupoteza joto kidogo.

Kuijenga kuba kama hiyo Kapalamsenga ni habari nyingine. Kata hiyo ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, inayojulikana zaidi kwa shaba yake, imo katika ukanda wa miombo, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili, na ambako jua la Septemba na Oktoba, miezi ambayo viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi hurundikana katika madimbwi ya mto Katuma, halimwonei huruma aliyefungiwa chini ya ngozi ya plastiki. Dirisha kubwa lililokuwa neema Olmoti hapa hugeuka tanuri, isipokuwa lielekezwe kusini, kwa sababu tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita kaskazini, na isipokuwa kileleni pawe na tundu la kutolea hewa ya moto. Kiyoyozi kingetatua tatizo kwa haraka, lakini kambi inayowasha jenereta mchana kutwa ili kupoza hema haina haki ya kujisifu kwa uhifadhi.

Mazingira, kwa kweli, huokolewa au kuharibiwa zaidi na vitu vinavyoizunguka kuba kuliko na kuba yenyewe. Jukwaa la mbao juu ya nguzo huacha ardhi ikipumua, ilhali sakafu ya zege hubaki hata kuba ikiondoka. Turubai la plastiki ya PVC, likichakaa, halina pa kwenda, na likichomwa hutoa moshi wenye sumu. Fito za mninga uliokatwa bila kibali zingekuwa kichekesho katika wilaya ambayo baadhi ya vijiji vyake hulipwa fedha za hewa ukaa kwa kuutunza msitu wa Ntakata.

Linalosahaulika zaidi ni upenu. Nyumba ya msonge, ambayo nayo ni ya duara, huteremsha nyasi zake kupita ukuta, kwa hiyo kivuli hutangulia na maji hudondoka mbali. Kuba haina ukingo wowote wa kuning'inia, na mvua huteleza juu ya ngozi yake hadi kwenye mguu, ikachimba udongo na kuozesha jukwaa. Kila milimita 100 za mvua zinazoangukia kuba ile ya mita 6 ni lita zipatazo 2,800, na mfereji wa mzunguko uliofungwa chini, ukielekezwa kwenye tangi, ungeyageuza maji hayo kuwa akiba ya kiangazi. Juu ya kuba, paa jepesi la nyasi lililotengwa na turubai kwa nafasi ya kupitisha hewa lingekinga jua kabla halijaigusa plastiki. Kuba iliyovikwa hivyo haipendezi sana katika picha za matangazo, kwa kuwa kwa mbali huonekana kama msonge tu.