Lango Lisilofunguka kwa Nguvu

Leo twataka kusema juu ya siku moja ya mapumziko ambayo baba, mama na watoto huitumia pamoja kando ya mfereji.

Tukitaja mfereji, wengi wetu hapa Kenya hufikiri juu ya ile ya Mwea, ichukuayo maji ya mito ya Thiba na Nyamindi mpaka mashamba ya mpunga. Lakini huko Uingereza iko mifereji iliyochimbwa zamani kwa ajili ya kupitisha mashua za mizigo. Mmojawapo ni ule wa Kennet and Avon, wenye urefu wa kilomita 140 hivi, toka mji wa Reading mpaka Bristol. Ulikamilika mwaka 1810. Siku hizi mashua zake ni za matembezi, na jamaa nyingi huenda huko na chakula chao kikapuni. Njia iliyo kando ya maji, ambayo farasi waliipita wakikokota mashua, sasa ni ya watu wa miguu na baiskeli.

Mahali panapopendwa sana ni Caen Hill, karibu na mji wa Devizes. Hapo pana kilima, na maji hayapandi kilima. Basi wajenzi walifanyaje? Walijenga vyumba vya maji 29, mfano wa ngazi, katika mwendo wa kilomita 3 hivi. Kati ya hivyo, 16 vimefuatana kwa mstari mmoja mlimani. Mashua ipitayo vyote hupanda mita 72, na safari hiyo yaweza kuchukua saa 5 au 6.

Kila chumba kina malango mbele na nyuma. Mashua itokayo chini huingia, na malango ya nyuma hufungwa. Kisha mtu huzungusha mkono wa chuma, vilango vidogo vilivyo chini ya maji huinuka, na maji ya juu huingia chumbani yakiiinua mashua polepole. Maji yakiisha kulingana, malango ya mbele hufunguliwa, nayo mashua huendelea mpaka chumba kinachofuata. Kwa kawaida wenye mashua hufanya kazi hii wenyewe. Mmoja hushika usukani, mwingine huzungusha chuma, na watoto wakubwa husukuma boriti ndefu ya lango kwa migongo yao. Wadogo hushikwa mkono wasikaribie ukingo, maana chumba kina kina kirefu.

Sasa angalieni neno hili. Kabla maji hayajalingana, lango halifunguki. Wanaume wanne wenye nguvu na walisukume watakavyo, halitatikisika, kwa kuwa maji ya juu yanalikandamiza kwa uzito wake. Lakini yakiisha kulingana, hata mama na mwanawe hulifungua.

Je, si hivyo katika nyumba zetu? Baba afanya kazi mjini, naye hutuma karo bila kukosa. Mwisho wa mwezi arudi nyumbani, auliza habari za shule, tena kwa ukali. Mtoto ajibu, "Ndiyo, Baba," kisha anyamaza. Baba asema mtoto ni mkaidi, naye azidi kusukuma. Lakini huenda si ukaidi. Ni maji hayajalingana.

Wala hatusemi kwamba mzazi aache kuwa mzazi. Mashua inapopanda, maji ya juu ndiyo hushuka na kuingia chumbani, na kwa kushuka kwake mashua huinuka. Aliye juu ndiye huanza kutoa. Bwana wetu naye hakutuita kutoka mbali tu. Alishuka mpaka kwetu. Basi vilango vidogo vya nyumbani ni vipi? Ni kula pamoja, kutembea pamoja bila haraka, na kumsikiliza mtoto mpaka amalize kabla ya kumjibu.

Labda wako wanaosema, "Kwetu tumechelewa, watoto wamekwisha kuwa wageni." Msikate tamaa. Reli ya London mpaka Bristol ilipokamilika mwaka 1841, mizigo ilianza kuuacha mfereji ule. Miaka ikapita, malango ya Caen Hill yakaoza, na mashua zisipite tena. Lakini watu wa kujitolea wakaingia matopeni, wakachangisha fedha, wakatengeneza kipande baada ya kipande kwa miaka mingi. Mwezi wa Agosti 1990 Malkia Elizabeth aliufungua upya. Kilichokauka chaweza kujaa tena, ila si kwa siku moja.

Hatuna haja ya kwenda Uingereza. Chagueni Jumamosi moja, mfunge viazi na chai, mwende mkakae kando ya mto au mfereji ulio karibu nanyi. Watoto wasiingie majini ovyo, kwa sababu ya kichocho na hatari ya kuzama. Kaeni, mle, mzungumze. Wala usianze na habari za shule, ewe mzazi. Ngoja maji yalingane, nawe utaona lango likifunguka.

Bwana azibariki jamaa zenu. Kwaherini.