Je, Wajua? Ligombo la Wahehe lilirekodiwa mwaka 1950

Miaka 15 kabla Bob Dylan hajapanda jukwaa la tamasha la Newport na gitaa la umeme, mwimbaji na nyuzi zake walikuwa wamesharekodiwa Uheheni. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi, na miongoni mwa alivyovinasa ni ligombo la Wahehe.

Ligombo ni ubao uliochongwa kama hori, wenye meno kila mwisho. Uzi mmoja mrefu hupitishwa kwenye meno hayo, kwenda na kurudi, mpaka zipatikane nyuzi kadhaa. Kibuyu hufungwa ili kukuza sauti. Mpigaji hukwanyua huku akiimba na kusimulia, nyuzi zikirudia mzunguko uleule. Mpenzi wa magitaa ya miaka ya 60 hatajiona mgeni hapa.

Tracey aliporekodi Uheheni, fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilikuwa bado Ujerumani. Lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, mwaka ambao Tracey alianzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika, ILAM, nchini Afrika Kusini.

Baadhi ya rekodi za safari ile zilitolewa upya na kampuni ya SWP ya Uholanzi, katika albamu iitwayo Tanzania Instruments. Ni muziki mzuri mno kukosa wasikilizaji nyumbani kwake. Redio za Iringa na Mbeya ziupe walau nusu saa ya jioni, na wazee wanaojua Kihehe waalikwe studio kutufafanulia maneno.