Mbegu Mpya, Hasara ya Nani?

Pamba hutupa nguo, na mbegu zake mafuta ya kula. Wataalamu wamechukua chembe ya urithi ya bakteria wa udongoni, wakaitia katika mmea huo. Sasa mmea wenyewe hutengeneza sumu ya kuua funza wa vitumba. Wenzetu wa Burkina Faso waliipanda kuanzia 2008. Walipiga dawa mara 2 badala ya 6, na mavuno yakaongezeka. Lakini nyuzi zilitoka fupi, bei ikapungua, na mwaka 2016 makampuni ya pamba yakaiacha. Hatukatai elimu. Ila mbegu mpya ikiletwa shambani, tuulize mapema: mwenyewe ni nani, na hasara ikitokea atailipa nani?