Fundi Cherehani na Elimu ya Nyuzi

Katika mji wa Mpanda, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, mafundi cherehani hufanya kazi katika baraza za maduka. Hushona magauni ya vitenge, hupunguza suruali za mitumba, hubadilisha zipu na kutia viraka. Kazi hiyo huonekana ndogo, lakini kwa macho ya sayansi ni jibu mojawapo la tatizo kubwa: nguo za bei ndogo zinazovaliwa siku chache, kisha zikatupwa.

Mwaka 2000 dunia ilizalisha nyuzi za nguo zipatazo tani milioni 58. Mwaka 2022 zilizidi tani milioni 110. Zaidi ya nusu ni poliesta, itokanayo na mafuta ghafi. Pamba ni selulosi iliyojengwa na mmea, na vijidudu vya udongoni huweza kuiozesha. Poliesta haiozi kwa urahisi, bali humeguka vipande vidogo vinavyodumu ardhini na majini. Hata hivyo, pamba nayo ina gharama: kilo moja huhitaji, kwa wastani wa dunia, lita 10,000 za maji. Kwa hiyo nguo ya namna yoyote hupunguza hasara inapovaliwa kwa muda mrefu.

Jaribio lifuatalo lifanywe mbele ya mwalimu. Shika uzi mmoja kwa koleo, uuguse kwenye mwali wa mshumaa. Pamba huwaka, hunuka kama karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini. Poliesta hunywea, huyeyuka, kisha huacha kitone kigumu. Uzi wa mchanganyiko huonyesha dalili zote mbili.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme gauni la fundi ni shilingi 30,000 na huvaliwa mara 100. Gauni jingine ni shilingi 8,000 na huchakaa baada ya mara 10. Kila kuvaa, la kwanza hugharimu shilingi 300, la pili shilingi 800. Lakini hesabu hii haimfai asiyeweza kutoa shilingi 30,000 kwa mkupuo, na hapo ndipo fundi hupoteza mteja. Isitoshe, ingawa Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, hulima pamba, sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje kabla ya kufumwa. Mkulima na fundi huishi jirani, ila kitambaa hutoka mbali.

Nguvu ya fundi imo katika yale asiyoyafanya mtengenezaji wa mbali: hupima mwili wa mteja mwenyewe, na nguo ikipasuka hurudi kwake. Akishona sare ya mwanafunzi, huacha akiba ya kitambaa katika pindo. Mtoto akirefuka, pindo hufumuliwa, na sare ile ile huendelea mwaka wa pili. Mwanafunzi na atazame pindo la sare yake: akiba hiyo ipo, au haipo?