Mabwana Wakubwa Walichaguliwaje?

Mwenye kusimama Mahoo, kwenye mashamba ya migomba karibu na mpaka wa Tanzania, ni vigumu kuwaza habari za Magavana. Walakini Taveta, jirani yake, ilipata kuwa na afisa mmoja kijana ambaye baadaye alipanda mpaka kiti hicho.

Jina lake Alfred Claud Hollis. Aliingia kazi ya Serikali ya Kiingereza katika Afrika ya Mashariki mwaka 1897. Alipokuwa Taveta hakuridhika na kazi za ofisi tu. Aliuliza habari za asili na mila za wenyeji, na maandishi yake juu ya Wataveta yakapigwa chapa mwaka 1901. Baadaye alitoa kitabu juu ya Wamasai, na kingine juu ya Wanandi.

Lakini shida ilikuwa hapo. Afisa aliyekwisha kuwajua watu ndiye aliyehamishwa, maana kupanda cheo kulikuwa ni kuhama. Hollis alipelekwa Sierra Leone mwaka 1912, kisha Tanganyika, akawa Balozi wa Kiingereza Unguja mwaka 1924, na mwaka 1930 akafanywa Gavana wa Trinidad, ambako Kitaveta hakikumfaa kitu.

Waliokuja nyuma yake walipita mlango mwingine. Tangu 1910 hadi 1948, isipokuwa miaka ya vita, mchaguzi mkuu katika Wizara ya Makoloni, London, alikuwa Ralph Furse. Hakutegemea mtihani, kama ilivyokuwa kwa maafisa wa Bara Hindi. Alitazama tabia ya kijana kwa mazungumzo na kwa barua za walimu wake. Ajabu ni kwamba Furse mwenyewe alikuwa mzito wa kusikia! Wazee wa Taveta hawakuulizwa neno, ingawa wao ndio watakaokatiwa mashauri na kijana huyo.

Mwishoni kazi ya kuwapata maafisa iligeuka kuwa kazi ya kuwazuia wasiondoke. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ilikataa mishahara ya kupangwa kwa rangi, ikashauri wageni wapewe nyongeza mbali. Mwaka 1961 Serikali ya Uingereza ilianza kuilipa nyongeza hiyo kwa fedha yake, nchi zilizokaribia uhuru zisije zikabaki bila watumishi. Wengi walipokea fidia yao wakaenda zao. Wengine walikuwako bado baada ya tarehe 12 Desemba 1963, wakiwaonyesha kazi Waafrika waliokuja kushika viti vyao.